Maswali ya Wasomaji: Ni Nani Hasa Aliyekataa?

Katika toleo lililopita tulichapisha barua fupi ya msomaji aliyeuliza kama ni kweli kwamba mwanamke akitumwa kazini nje ya nchi hana budi "kuvumilia mila za wenyewe". Nilimjibu kwa aya moja. Barua zilizoingia baada ya hapo zimejaza faili nzima, nami nimeamua kuuacha ukurasa wote wa leo kwa jambo hilo. Wengi wenu mnaniita Shangazi, na hapa kwetu Uganda ssenga, yaani shangazi, hutarajiwa kushauri juu ya ndoa. Lakini mimi kabla ya kustaafu nilikuwa mkaguzi wa hesabu, niliyezunguka miji mingi ya nchi jirani na sanduku la mafaili, na ushauri wangu hauachi kunuka makaratasi. Mtanivumilia.

*Shangazi, salaam aleikum. Mimi ni mhandisi wa maji, mzaliwa wa Bombo, na nimeajiriwa na kampuni moja ya Kampala inayochimba visima virefu. Mwaka jana kampuni ilipata kazi Sudan Kusini. Mahesabu ya mradi niliyafanya mimi, na ofisini ni mimi peke yangu ninayezungumza Kinubi, lugha ambayo watu wa Juba wanaielewa bila taabu, kwa hiyo sikuwa na shaka kwamba jina langu lingekuwa la kwanza kwenye orodha ya safari. Mkurugenzi aliniita akaniambia kwa upole kwamba wazee wa kule hawatamsikiliza mwanamke, kwamba anajali usalama wangu, na kwamba atakwenda kijana ambaye mimi mwenyewe ndiye niliyemfundisha kazi. Kijana huyo amekwenda mara tatu, kila mara akiwa na mkalimani wa kulipwa. Posho ya safari ni yake, na mwezi uliopita alipandishwa cheo kwa kuwa ana "uzoefu wa kimataifa". Nikilalamika ninaambiwa kwamba kosa ni la utamaduni wa Sudan Kusini, si la kampuni. Je, sheria ya Uganda inanifikia katika jambo lililotokea nje ya Uganda? – Binti wa Bombo*

Aleikum salaam, mwanangu. Swali lako la mwisho lina kosa ambalo lazima nilisahihishe kabla ya mengine, kwa sababu ndilo kosa ambalo mkurugenzi wako angependa uendelee kulifanya: jambo hili halikutokea nje ya Uganda. Lilitokea Kampala, katika ofisi ya Kampala, kati ya mwajiri na mwajiriwa waliofunga mkataba chini ya sheria za Uganda. Sudan Kusini haijakukataa, maana haijapata hata nafasi ya kukuona.

Katika ukaguzi wa hesabu, hati isiyo na saini hatukuipokea, hata kama ofisi nzima ilikuwa tayari kuapa kwamba ni ya kweli. Nawe uliza vivyo hivyo. Wazee hao waliosema hawatamsikiliza mwanamke ni wa kijiji gani, walisema lini, na walimwambia nani? Mara nyingi utakuta kwamba hakuna mzee yeyote. Kuna mtu wa hapahapa nyumbani aliyejibu kwa niaba ya wenyeji ambao hakuwahi kuwauliza. Nchi inayosingiziwa iliandika katika Katiba yake ya Mpito ya mwaka 2011 kwamba wanawake wana haki ya malipo sawa kwa kazi iliyo sawa, na Sheria yake ya Kazi ya mwaka 2017 inakataza ubaguzi wa kijinsia kazini. Mwaka 2020 Rebecca Nyandeng aliapishwa kuwa mmoja wa makamu wa rais, na mwaka huohuo Angelina Teny alikabidhiwa Wizara ya Ulinzi, ambayo aliiongoza hadi mwaka 2023. Mkurugenzi wako anataka uamini kwamba nchi iliyomkabidhi mwanamke jeshi itashindwa kumkabidhi mwanamke kisima.

Sisemi kwamba kila mzee kijijini atakupokea kwa mikono miwili. Sheria na mawaziri ni jambo moja, na kikao cha chini ya mwembe ni jambo lingine. Huenda ukasalimiwa wa mwisho, na huenda swali lako likajibiwa kwa kumtazama dereva. Lakini hapo ndipo Kinubi chako kingefanya kazi ambayo mkalimani wa kulipwa haiwezi. Wanaotembea na madumu ya maji kichwani katika vijiji vile ni wanawake na wasichana, na ndio wanaojua ni chemchemi ipi hukauka mwezi upi na ni pampu ipi iliachwa kwa sababu mpini wake ni mzito. Ninajiuliza ni mangapi kati ya hayo yaliyomfikia kijana wenu kupitia mkalimani.

Kuhusu usalama, tusidanganyane: barabara za kule zimeua watu, na mwaka 2021 madereva wa malori wa Uganda na Kenya waligoma kwenda Juba baada ya wenzao kuuawa njiani. Lakini risasi ya barabarani haimuulizi msafiri jinsia yake. Kama njia ni ya hatari, kampuni ina wajibu wa kumlinda kila anayetumwa, na huyo kijana naye ana mama. Mwajiri anayemwondoa mwanamke peke yake na kuwaacha wengine wapite kwenye hatari ileile amepunguza idadi ya wanawake safarini. Hatari yenyewe ameiacha palepale ilipokuwa.

Sasa sheria. Ibara ya 21 ya Katiba ya Uganda ya mwaka 1995 inakataza ubaguzi kwa sababu ya jinsia, Ibara ya 33 inampa mwanamke haki ya fursa sawa na mwanamume katika shughuli za kiuchumi, na Ibara ya 40 inataka malipo sawa kwa kazi iliyo sawa. Sheria ya Ajira ya mwaka 2006 inakataza mwajiri kumbagua mfanyakazi kwa jinsia yake, isipokuwa pale ambapo tofauti inatokana na matakwa halisi ya kazi yenyewe, na kupima kina cha maji hakujawahi kuwa kazi inayohitaji ndevu. Fanya hivi: baada ya mazungumzo mengine yoyote na mkurugenzi, mwandikie barua pepe siku ileile, kwa adabu, ukisema, "Kama nilivyokuelewa leo, sitakwenda safari ya mwezi ujao kwa sababu mimi ni mwanamke, naomba unisahihishe kama nimeelewa vibaya." Ama atakusahihisha, na hapo utaomba sababu nyingine kwa maandishi, ama atanyamaza, na ukimya huo utakuwa na tarehe. Kusanya orodha za safari, hesabu ya posho, na tangazo la cheo alichopewa kijana. Ukishindwa kuelewana nao ndani ya kampuni, peleka malalamiko kwa afisa wa kazi, ambaye uamuzi wake unaweza kukatiwa rufaa katika Mahakama ya Viwanda. Tume ya Fursa Sawa nayo ina mamlaka ya kusikiliza shauri la namna hii. Sheria hiyo ya Ajira inasema pia kwamba kupeleka malalamiko si sababu halali ya kumwachisha mtu kazi.

Usisumbukie posho zaidi ya cheo. Posho huisha mwezi ule ule inapolipwa, lakini "uzoefu wa kimataifa" utaandikwa kwenye wasifu wa kijana huyo miaka thelathini, na kila nafasi atakayoiomba itamkuta ana safari na wewe huna. Dai lako kuu liwe hilo: safari zijazo, na cheo kilichotolewa kwa kigezo ambacho wewe ulizuiwa kukitimiza.

Ninakiri jambo moja kabla sijaiweka barua yako pembeni. Nilipokuwa kiongozi wa timu ya ukaguzi, niliwahi kufuta jina la msichana mmoja kwenye orodha ya kwenda mji fulani wa kaskazini, kwa sababu nilichoka kubishana na mteja aliyeuliza kama "hakuna kijana wa kiume". Nilimwambia ni kwa ajili yake. Hakunijibu kitu, na baada ya miezi minne akahama.

*Shangazi, mimi ninauza vitambaa na viatu sokoni Kikuubo, na mara mbili kwa mwaka ninakwenda Guangzhou kuchukua mzigo. Mwaka huu nilikwenda na mpwa wangu mwenye umri wa miaka 22 anisaidie kubeba. Tangu tufike, wauzaji wa jumla walikuwa wanazungumza na yeye. Nikiuliza bei anajibiwa yeye. Hata wakala wa kargo aliandika shehena kwa jina la mpwa, nami nikaacha kwa kuwa ni mtoto wa dada yangu na ni kijana mwema. Je, ninakuza jambo dogo? Pia nafikiria kwenda Jeddah, ila wenzangu wananiambia kwamba mwanamke asiye na mume hapewi chumba cha hoteli kule. – Mama Viatu, Kampala*

Dada yangu, kuhusu wauzaji wa jumla pengine ningekuambia ucheke uendelee na biashara. Kuhusu shehena siwezi kucheka. Anayetajwa kwenye hati ya shehena kuwa mpokeaji ndiye meli inayemtambua, na ndiye atakayeulizwa Mombasa. Na mzigo ukiingia Uganda, Mamlaka ya Mapato itauhesabu kwenye namba ya mlipakodi ya huyo aliyeandikwa. Fedha ni zako, mkopo wa benki ni wako, lakini kwenye karatasi wewe ni msafiri aliyefuatana na mfanyabiashara mwenye umri wa miaka 22. Akigombana na wewe kesho, au akipata ajali, Mungu apishe mbali, na warithi wake wakaja na hati mkononi, utahitaji wakili ili uthibitishe kwamba viatu vyako ni vyako. Na mwakani ukienda benki kuomba mkopo mkubwa zaidi, historia ya uagizaji itakayoonekana ni ya mpwa. Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari, nami ningeongeza kwamba hupotea upesi zaidi daftari likiwa na jina la mtu mwingine.

Kwa hiyo mwandikie wakala leo, kabla mzigo haujafika bandarini, umtake arekebishe jina. Kuna ada, lakini ilipe. Safari ijayo, invoisi, risiti ya arbuni na hati ya shehena ziandikwe kwa jina lako kama lilivyo kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na arbuni itoke mkononi mwako huku mpwa akitazama. Umesafiri Guangzhou vya kutosha kujua kwamba bei katika masoko yale hupatana kwenye kikokotoo kinachopitishwa kutoka mkono hadi mkono. Hakikisha kinarudi mkononi mwako. Kama muuzaji anakirudisha kwa mpwa, mtume mpwa akalete chai, na asirudi upesi. Muuzaji akikosa mwingine wa kuzungumza naye ataona kwamba mwenye fedha yuko mbele yake, na sijawahi kukutana na mfanyabiashara anayependa mila kuliko fedha.

Kuhusu Jeddah, wenzako wanakusimulia habari za zamani. Mwaka 2019 mamlaka za Saudi Arabia zilitangaza kwamba mwanamke, mwenyeji au mgeni, anaweza kuchukua chumba cha hoteli peke yake kwa kitambulisho chake. Hata hivyo sheria ikibadilika mji mkuu, huchukua muda kufika kwenye meza ya mapokezi. Kabla ya kulipa, iandikie hoteli uulize kama wanampokea mwanamke anayesafiri peke yake, na uchapishe jibu lao uwe nalo mkobani. Ukifika usiku na mtu wa mapokezi akatikisa kichwa, usianze kubishana naye juu ya haki za binadamu. Mwoneshe barua ya meneja wake.

*Shangazi shikamoo. Nina umri wa miaka 26, nina mtoto mmoja, na nimepata nafasi ya kwenda kyeyo, yaani kibarua cha ng'ambo, huko Saudi Arabia kufanya kazi za nyumbani. Kaka yangu alikwenda Qatar kuwa mlinzi na hakuulizwa chochote zaidi ya afya na cheti cha polisi. Mimi ninatakiwa kupimwa mimba, kuleta barua ya ruhusa ya mume au baba, na dada wa ofisini amesema ni "vizuri zaidi" nikichomwa sindano ya uzazi wa mpango kabla ya kuondoka. Mshahara ni riyali 900. Nikiuliza wanasema ndivyo wanawake wanavyosafiri. Ni kweli? – Msomaji, Mbale*

Marahaba, mwanangu. Katika barua yako kuna madai matatu yaliyofungwa kwenye kifurushi kimoja, na dada wa ofisini anafaidika ukiamini kwamba yote yametoka Riyadh.

Kupimwa mimba ni sharti la kweli la nchi za Ghuba katika uchunguzi wa afya wa wafanyakazi wa kigeni, na kampuni ya Kampala haiwezi kukuondolea. Ni ubaguzi, kwa maana kaka yako hakuulizwa lolote la namna hiyo; Uganda iliridhia tangu mwaka 1985 mkataba wa Umoja wa Mataifa wa kutokomeza ubaguzi dhidi ya wanawake, na sharti la namna hii haliendani nao. Lakini ni ukuta uliojengwa na nchi nyingine, nawe unachoweza kuamua ni kama utapita au utarudi. Barua ya ruhusa ni jambo tofauti kabisa. Kampuni inayo haki ya kujua jina na simu ya ndugu wa karibu, ili ukipata tatizo wajue wa kumpigia. Hilo mpe, na mpe ndugu mwenye simu isiyozimwa. Ruhusa huhitaji. Ibara ya 29 ya Katiba inampa kila Mganda haki ya kutoka nchini na kurudi, na haikuandika "kila Mganda mwenye idhini ya baba". Waombe wakuoneshe kanuni inayodai barua hiyo. Nina hakika watakuonesha daftari lao wenyewe.

Sindano usikubali kwa kushinikizwa. Uzazi wa mpango ni uamuzi wako na wa mhudumu wa afya uliyemchagua, katika kituo cha afya, si ushauri wa pembeni wa mtu anayelipwa kwa kila kichwa anachosafirisha. Kauli kwamba ni "vizuri zaidi" ninaichukia kuliko zote, kwa kuwa anayeitoa anajua kitu kuhusu nyumba unakopelekwa ambacho hajakuambia. Muulize ni vizuri zaidi kwa nani, na anatarajia nini kikupate. Kama ana jibu, huo ndio ushahidi kwamba hupaswi kwenda katika nyumba hiyo, na jibu hilo lipelekwe Wizara ya Jinsia, Kazi na Maendeleo ya Jamii na polisi.

Kabla hujasaini, thibitisha wizarani kwamba kampuni ina leseni hai, kwa sababu kanuni za mwaka 2021 za kuajiri Waganda nje ya nchi zinataka hivyo, na kwamba mkataba wako umesajiliwa. Uganda iliwahi kusimamisha upelekaji wa watumishi wa nyumbani Saudi Arabia mwezi Januari mwaka 2016 kwa sababu ya mateso yaliyoripotiwa, kisha ikafungua tena mlango baada ya makubaliano mapya; mlango kufunguliwa hakumaanishi kwamba nyumba zote ni salama. Ujue pia kwamba mtumishi wa nyumbani hayumo ndani ya Sheria ya Kazi ya kawaida ya Saudi Arabia. Ana kanuni zake, ambazo tangu mwaka 2024 zinaweka kikomo cha saa 10 za kazi kwa siku na siku moja ya mapumziko kwa wiki, na zinamkataza mwajiri kushika pasipoti yako. Kaka yako alilindwa na sheria pana zaidi kwa sababu kulinda geti kunaitwa kazi, ilhali kupika, kufua na kulea watoto wa watu kunaitwa kusaidia. Ninaona kwamba hapo ndipo ubaguzi wenyewe ulipo, kuliko hata kwenye kipimo cha mimba.

Na mshahara: Ufilipino mwaka 2006 iliwawekea watumishi wake wa nyumbani wanaokwenda nje kima cha chini cha dola 400 kwa mwezi, kiasi kinachokaribia riyali 1,500. Sakafu ya Saudia ni ileile na ufagio ni uleule; tofauti ni kwamba serikali moja ilikataa kuwauza raia wake kwa bei hiyo. Piga picha kila ukurasa wa mkataba na wa pasipoti, uzitume kwa ndugu wawili, na uandike namba ya ubalozi wa Uganda mjini Riyadh mahali pengine mbali na simu yako, kwa sababu simu ndicho kitu cha kwanza kuchukuliwa.

*Shangazi, mimi ni muuguzi wa kiume, Arua. Niliomba kazi ya kutunza wazee Uingereza nikajibiwa kwamba nafasi ni ya wanawake tu. Je, sisi wanaume hatubaguliwi? – Muuguzi*

Mnabaguliwa, ndugu yangu, na sheria hiyohiyo inawahusu. Sheria ya Usawa ya Uingereza ya mwaka 2010 inamlinda mwanamume na mwanamke, na inaruhusu jinsia kuwa sharti pale tu ambapo kazi yenyewe inadai hivyo kwa sababu inayoweza kutetewa, kwa mfano kumwogesha bibi mzee aliyeomba asiogeshwe na mwanamume. Waandikie uulize ni sababu ipi. Kama nyumba hiyo inatunza pia wazee wa kiume, watapata tabu kujibu.

*Bi Mkaguzi, mimi ni meneja wa kampuni ya uchukuzi na forodha, Tororo. Mwaka jana mteja wetu katika nchi jirani alimsumbua mfanyakazi wetu wa kike kwa maneno na simu za usiku. Tangu hapo nimeamua kwamba wanawake wote watafanya kazi za ofisini tu, na safari ni za wanaume. Nina mabinti watatu, na nilidhani ninafanya haki. Sasa wafanyakazi wangu wameacha kunisalimia. – Meneja*

Ndugu Meneja, nakushukuru kwa kuandika, kwa sababu wenzako wengi hawaandiki. Ninaamini kwamba nia yako ilikuwa njema. Lakini tazama matokeo kama ungekuwa unakagua hesabu za mtu mwingine: mteja aliyekosa bado anapata mizigo yake kwa wakati, hajapokea hata barua moja, na wanawake ambao hawakukosa wamepoteza safari, posho na kujulikana mipakani. Aliyesumbuliwa, zaidi ya usumbufu, sasa anatazamwa na wenzake kama chanzo cha hasara yao. Ninashangaa kwamba waliacha kukusalimia tu.

Mwandikie mteja. Mtaje aliyefanya hivyo, taja tarehe, na useme kwamba kampuni yako haitashughulika naye tena mpaka abadilishwe mtu wa kuwasiliana naye. Uganda iliridhia mwaka 2023 mkataba namba 190 wa Shirika la Kazi Duniani kuhusu ukatili na unyanyasaji kazini, na mkataba huo unahesabu safari za kikazi, pamoja na malazi yanayotolewa na mwajiri, kuwa sehemu ya mahali pa kazi. Na kanuni zetu za mwaka 2012 zinamtaka mwajiri mwenye wafanyakazi zaidi ya 25 awe na sera ya kuzuia unyanyasaji wa kingono. Kisha waite wanawake wako, uwaulize wanahitaji nini ili wasafiri. Nadhani utasikia mambo madogo ya bei nafuu: gesti yenye komeo linalofunga kwa ndani na iliyo karibu na barabara, fedha za teksi ili wasipande bodaboda usiku wa manane, na namba ya mtu wa kampuni atakayepokea simu saa nane za usiku. Wanaume wako nao watafurahi kupata komeo. Asiyetaka kwenda aseme mwenyewe, na wanaume wapewe nafasi hiyohiyo ya kusema.

*Shangazi, ninakwenda Cairo kwa mafunzo ya miezi mitatu. Sijaolewa. Rafiki zangu wananishauri nivae pete ya ndoa ili nisisumbuliwe. Je, ni udanganyifu? – Mwanafunzi, Mbarara*

Mwanangu, kama ni udanganyifu ni mdogo, na aliyeusababisha ni yule asiyeamini kwamba "hapana" ya mwanamke inatosha bila sahihi ya mwanamume. Vaa ukitaka. Misri ilifanya usumbufu wa kingono kuwa kosa la jinai mwaka 2014, hivyo unayo sheria pia, lakini pete huonekana upesi kuliko sheria. Usiivae tu mbele ya mtu atakayedai hati, kama ofisi ya viza au hoteli, maana ukiandika "sijaolewa" kwenye fomu huku kidole kinasema mengine utajitafutia maswali.

Mimi niliwahi kununua pete moja katika soko la Owino nilipokuwa naenda Addis Ababa kwa ukaguzi wa wiki tatu. Nilisahau kwamba pete huja na mume, na mume huja na maswali. Kufikia siku ya pili dereva tuliyepewa alikuwa anajua kwamba mume wangu ni mwalimu wa hesabu, kwamba tuna watoto wawili, na kwamba mdogo anasumbuliwa na pumu. Kila asubuhi aliniuliza mtoto ameamkaje, nami kila asubuhi nilitakiwa kukumbuka nilichosema jana. Siku ya kuondoka alinipa kilo mbili za kahawa, akasema nimpelekee mwalimu. Niliinywa peke yangu mpaka Pasaka.